Nyumba ya Kwanza Haijapanda

Kibuye, Kisumu
Jumapili, 11 Januari 1970

Kwa shemeji yangu Mwalimu Joram,

Pokea salamu, na umgawie mkeo Dorca nusu yake kabla hujazimaliza peke yako. Sisi huku tunaamka na tunalala, tunamshukuru Mungu. Maximilla ameng'oka jino la mbele, na sasa akicheka anafunika mdomo kama bibi harusi. Aliniuliza kama baba yake huko aliko atamtambua akiwa na pengo. Nikamwambia atamtambua kwa kelele.

Tangu tumzike kaka yako Walter mwezi wa sita sijakuandikia. Sikuwa na la kusema. Leo ninalo.

Hotelini bado ninafua mashuka. Lakini yule dada wa Kihindi wa mapokezi, Shanta, anahamia Uingereza na wazazi wake baada ya Pasaka. Meneja wetu, Bwana Fernandes, alituita wanawake wote wa kufua na kufagia, akasema atatupa mtihani, na kiti kile atampa mmoja wetu, mradi Kiingereza chake kisimfukuzie wageni. Shemeji, kiti chenye mto! Na pamoja nacho chumba nyuma ya hoteli, cha mama na mtoto wake. Huku Kibuye mvua ikinyesha tunalala na ndoo.

Maneno ya kazi ninayajua: come, go, sit, wait, bring. Yanayonishinda ni vile vineno vidogo vinavyotangulia. Juzi mgeni alitaka ufunguo nami nilikuwa na mikono ya sabuni. Nikamwambia kwa upole kabisa, "You wait." Kwetu ngoja ikisemwa polepole ni heshima. Yeye aliiva uso, akaenda kushtaki kwamba mfuaji amemwamrisha.

Walter alikuwa akisema wewe ungeweza kumfundisha hata ng'ombe kusoma, kama ng'ombe angekaa kimya. Mimi nitakaa kimya. Nifundishe kwa barua. Laban huleta vyungu vyake kutoka huko kwenu hadi soko la hapa Kibuye kila Jumapili, atatubebea.

Shemeji yako,
Nasipwondi


Sondu
24 Januari 1970

Kwa Nyar Bungoma,

Nakuita kama tulivyokuita siku ulipoletwa hapa, binti wa Bungoma, ili ujue boma halijakusahau. Dorca amepokea nusu yake na anataka nyingine. Watoto wanapiga chafya lakini wanakula. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, bahati ya mtu aliyetaka maziwa.

Sasa somo. Fikiria umesimama mbele ya nyumba ya mtu. "You can enter": mlango uko wazi na miguu unayo. "You may enter": mwenye nyumba amesema karibu. "You must enter": mvua inakupiga, au askari yuko nyuma yako. Kitendo ni kile kile, kuingia. Kineno cha mbele ndicho kinachosema ni nguvu yako, ni ruhusa, au ni lazima. Na neno linalofuata halibadiliki hata kidogo. Usiseme "can to enter" wala "must enters". Liache kama lilivyozaliwa.

Fanya mazoezi na maneno uliyo nayo. I can bring water. May I sit? We must go. Mgeni wako wa ufunguo, yeye ungemwambia, "Can you wait, please?" Ungekuwa umemwuliza, na Mzungu hupenda kuulizwa hata pale ambapo hana la kuchagua.

Mzee Amolo amekuulizia. Tangu baba afe ndiye anayeliangalia boma letu, kwa hiyo lazima aulize. Paa la nyumba yako limeanza kuvuja upande wa jikoni. Wazee wana mazungumzo yao, lakini si ya kuandika.

Ni mimi,
Joram


Kisumu
8 Februari 1970

Shemeji Joram,

Hatujambo, na tunawaombea hizo chafya ziishe. Maximilla anamtaka ndama. Nimemwambia dume ni wake, mradi asije huku akala mashuka yangu.

Somo lako nimelifulia nguo wiki mbili. Nikisuuza nasema I can wash, nikikamua nasema I must wash, nikianika nasema may I go home. Wenzangu wanasema nimerogwa. Shanta ananisaidia wakati wa chai. Ameniambia wageni wanapenda zaidi "would": "Would you like tea? Would you sit here?" Kwa nini, hakuweza kunieleza, maana yeye alizaliwa nalo. Nieleze wewe.

Na unieleze lingine. Mtu hasemi "si ya kuandika" kama si mambo ya kusomwa na yule yule anayemwandikia. Wazee wanazungumza nini? Kama ni paa, nitatuma mabati siku Mungu akinijalia. Kama ni mimi, basi sema. Walter ana ndugu wengi, wa karibu na wa mbali. Wanamfikiria nani anirithi?

Nangoja somo la pili.

Nasipwondi


Kisumu
1 Machi 1970

Shemeji,

Salamu kwa Dorca na watoto.

Laban amekuja na vyungu, akaenda, akaja tena, na barua hakuna. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Leo nilimshika pale pale kwenye vyungu vyake, nikamwambia sitoki hapo mpaka aseme. Akaangalia chini.

"Mama, mimi ni mtu ya vyungu tu. Maneno ya boma yenu usiniulize."

"Laban, nitakaa hapa mpaka wateja wakimbie."

"Basi ni Mwalimu," akasema. "Wazee wamempatia wewe. Na yeye hakukataa. Kila mtu anajua, hata ile watoto ya shule."

Ni wewe, Joram. Wewe unayenifundisha "may" na "must". Watoto wa shule wanajua na mimi ninajua kutoka kwa muuza vyungu. Nilikuuliza wazi, nawe ukanyamaza wiki tatu nzima.

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi. Nakuheshimu kama ndugu wa mume wangu. Mume simtafuti. Niliye naye nilimzika, na bado namlilia kila nikikunja shuka la watu wawili.

Nasipwondi


Sondu
6 Machi 1970

Nyar Bungoma,

Salamu sijui kama zinapokelewa, lakini nazileta. Tuko wazima.

Yote aliyosema Laban ni kweli, ila kutokataa kwangu hakukuwa kukubali. Mzee Amolo aliniita mbele ya wazee, akasema nyumba ya Walter haiwezi kukaa baridi, na mimi ndiye ninayemfuata. Hapa kwetu mdogo hajibizani na wazee. Niliinamisha kichwa nikakaa kimya, nikidhani nitamfuata Mzee baadaye niongee naye taratibu, wawili tu. Kumbe kimya changu kiliandikwa kuwa ndiyo. Nilipotoka nje, wanawake walikuwa tayari wanapiga vigelegele. Naona aibu, kwa Dorca na kwako. Kisha Mzee akasema niache kukuandikia Kiingereza. Ati nakushonea mbawa.

Sasa sikiliza, maana hili haliwezi kungoja. Mvua imefika. Unajua mama yetu hayupo, na Walter alikuwa kifungua mimba, kwa hiyo nyumba yako ndiyo ya kwanza. Mkono wako ndio unaofungua msimu. Dorca akitia mbegu ardhini kabla yako amemruka marehemu, na chira, ile laana ya kuvunja utaratibu wa boma, itaangukia watoto wangu. Na wewe huruhusiwi kupanda kabla nyumba yako haijaingiwa na mwanamume. Ndivyo wanavyosema wazee. Majirani wameshapanda. Kwetu mbegu ziko ndani ya chungu na majembe yameegemea ukuta.

Utaniuliza kama mwalimu mzima anaamini haya. Nina watoto wanne. Sitaki kuwa mtu wa kwanza kujaribu.

Wazee wametaja Jumamosi, tarehe 21. Njoo. You should come. Sikuandika "must". "Should" ni neno la mtu asiye na askari: linasema yafaa, linakuachia mwenyewe. Na "would" uliyoiuliza ni kubisha hodi na kungoja nje. Mgeni anapenda kusikia kwamba bado hujaingia.

Nina onyo moja la huo mtihani wenu. Wakikuuliza "Can you do this work?" usijibu kinyumbani. Sisi tukiulizwa kama tunaweza, tunasema tutajaribu, Mungu akipenda, hata kama kazi tunaijua usingizini. Kwao hiyo ni kusema huwezi. Sema "I can", halafu unyamaze.

Joram


Kisumu
15 Machi 1970

Kwa Joram,

Maximilla anawasalimu. Jino jipya linachungulia.

Mtihani wetu ni Jumamosi tarehe 21, saa nne asubuhi. Bwana Fernandes alitutangazia tarehe zamani, nami sikukuambia. Wewe ulikuwa na lako la kuficha, nikaona na mimi niwe nalo.

Mwambie Dorca apande. Mimi ninayeitwa wa kwanza nimesema apande. Mvua haijui nani alizaliwa mbele. Kama chira ni lazima ianguke, iniangukie mimi, nina mgongo wa kufua.

Siji. Nakwambia kwa nini, maana nimechoka kuzungukazunguka. Ninaogopa. Nikilala katika nyumba ile na mwanamume ndani yake, Jumapili nitaamka mke wa Sondu. Jumatatu kiti kitakuwa cha Nabwire anayefagia ngazi, naye hana kosa. Na Laban ameniambia lingine, safari hii bila kushikwa: Mzee Amolo anataka Maximilla aje kusoma huko kwenu, maana mtoto ni wa boma. Hilo pia hukuliandika. Mume mmenipangia, sasa na mtoto?

Unanifundisha nibishe hodi kwa wageni. Kwangu mimi nani amebisha?

Nasipwondi


Sondu
18 Machi 1970

Nyar Bungoma,

Barua hii nampa dereva wa basi ili isingoje Jumapili.

Nilimsomea Dorca barua yako. Alikuwa anapepeta ulezi wa mwisho. Akasema, "Mimi sina ubaya na yeye. Lakini watoto watakula nini, hiyo Kizungu yako?" Kisha akalia, naye si mtu wa kulia. Hawezi kupanda mbele yako. Nimemwambia umekubali, anasema kukubali kwako hakumfikii Walter.

Fanya mtihani wako. Usiukimbize. Basi la mwisho linatoka Kisumu saa tisa mchana. Panda, uje, hata ukifika jua linazama. Maximilla umwache kwa jirani yako Mama Shitanda, ili uwe na sababu ya kurudi ambayo hakuna mzee anayeweza kuipinga.

Kesho nakwenda kwa Mzee Amolo. Sikuambii nitasema nini, maana nikiandika hapa huenda ujasiri wote ukaishia kwenye karatasi.

Ukinikuta nyumbani mwako, geuka urudi. Sitakulaumu.

Joram


Kisumu
Jumatatu, 23 Machi 1970

Shemeji,

Nilirudi salama jana jioni. Dorca amekupa salamu zangu, natumaini, maana wewe mwenyewe sikukuona hata kivuli.

Nianze na mtihani. Bwana Fernandes alijifanya mgeni aliyekasirika, begi limepotea, chai imepoa. Nikamwambia, "Would you sit here, sir? I can bring hot tea. We must look for your bag." Yakatoka yenyewe kama maji ya bomba. Nikaona anaandika anatabasamu. Kisha akavua ugeni wake, akaniuliza, "Nasipwondi, can you do this work every day?" Na mimi, pamoja na onyo lako lote, nikainamisha kichwa nikasema, "I will try, sir, if God wishes." Tabasamu likafutika. Akafunga kalamu yake.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Nikakumbuka mtu mwingine aliyeinamisha kichwa mbele ya wakubwa, na gharama yake. Nikageuka. Nikasema, "Sir, I can." Nikanyamaza. Alikaa akinitazama, akasema majibu ni baada ya Pasaka.

Basi la saa tisa nililipanda. Njia nzima nilikuwa nikisema moyoni, akiwa ndani narudi, akiwa ndani narudi. Nilipofika nyumbani kwangu mlango ulikuwa wazi na taa inawaka. Nikasimama nje. Hodi ya nyumba yangu mwenyewe! Aliyeitikia ni Dorca. Ndani hapakuwa na mtu mwingine. Kwenye msumari ambao Walter alikuwa akitundikia kofia, kulikuwa na koti lako la kijivu, lile la ualimu.

Nikamwuliza ni nini. Dorca akasema, "Bwana yako wa leo ni huyo. Hata hakoromi."

Tulicheka mpaka tukashikana. Kisha tukalia, yeye kwanza. Tukala samaki. Alfajiri, kabla kengele ya kanisa haijalia, nilitia mbegu ya kwanza, naye akanifuata na zake kwenye shamba lake. Mzee Amolo alikuwa amesimama kwenye ua na fimbo yake. Aliangalia mikono yangu, akaangalia mlango wangu, akaondoka.

Sasa niambie ulisema nini huko.

Nasipwondi


Sondu
5 Aprili 1970

Nyar Bungoma,

Tumefurahi kwamba ulirudi salama. Mbegu zimetoka, zako zimetangulia, au ndivyo Dorca anavyosema ili mtu asiseme vingine.

Unauliza nilisema nini. Niliwakuta wazee wote, si Mzee peke yake, na nusura nirudi. Nikasimama. Nikasema, "Mzee, siwezi kumwoa mke wa kaka yangu. Yeye hataki, na mimi sitaki, na Dorca huyu hapa ananisikia."

Mzee Amolo akasema, "Wewe Joram, nani alikuuliza kama unaweza? Tulikuambia."

"Nimesikia, Mzee. Na sasa nawajibu, kwa sababu siku ile sikujibu."

Aliyeniokoa ni bibi mkongwe wa nyumba ya juu, alikuwa nyuma anatengeneza kamba. Akasema zamani mume wa kurithi akiwa mbali kwenye kazi ya reli, walikuwa wakitundika nguo yake ndani, na msimu unafunguliwa. Wazee wakabishana. Wengine walisema hawajawahi kuona jambo hilo, wengine wakakumbuka ghafla. Mwishowe Mzee Amolo akainuka. "Haya. Koti liingie. Lakini likiingia halitoki. Siku utakayolitoa, nyumba ya Walter imebaki baridi, na hapo mwanamke atakuja na mtoto atakuja." Juu ya Maximilla alisema asome kokote, mradi wakati wa kuvuna aonekane.

Nilikwenda kulala shuleni, nikala ugali wa mlinzi. Nilijua tukionana watu wangetuongezea chumvi.

Sasa nina kikohozi kidogo. Mwalimu mkuu ananiuliza kila asubuhi koti liko wapi, maana sheria yake ni kwamba mwalimu hasimami mbele ya darasa na shati tupu. Nimemwambia liko kwa fundi. Mvua ya mwaka huu haina huruma. Lakini si kitu.

Majibu ya hoteli je?

Joram


Kisumu
3 Mei 1970

Kwa shemeji yangu Mwalimu Joram, na kwa Dorca hasa,

Salamu ni nyingi, gawaneni sawa. Maximilla ana jino zima na chumba kisichovuja. Naam, tumehamia nyuma ya hoteli. Kiti ni changu. Mto wake ni mgumu, Shanta hakuniambia. Bwana Fernandes alisema ningekosa kazi kwa jibu la kwanza, lakini hajawahi kumwona mfuaji akigeuka mlangoni.

Siku nzima ni May I, Can you, Would you like. Jioni ulimi unaniuma. Jana mkulima wa miwa kutoka Muhoroni aliniamuru nimpe chumba ambacho kina mtu. Nilimwambia, "Sir, you may wait, or you may go." Akangoja.

Mahindi Laban anasema yamefika magotini. Mwezi wa kuvuna tutakuja, mimi na mtoto, kwa miguu yetu na kwa hiari yetu. Nitalala nyumbani kwangu, na huyo wa msumarini atanilinda.

Wewe ulidhani nitasoma habari za fundi na kikohozi nisielewe? Ndani ya chungu kikubwa cha Laban kuna kifurushi. Ni koti, nimelichagua mwenyewe sokoni Kibuye kwa mshahara wa kwanza, rangi ya majivu ya kuni, mikono mirefu kidogo. Lile la zamani liache pale pale, hata nondo wakilila.

Ila usilifungue wewe. Kifurushi nimekiandika jina la Dorca. Yeye ndiye akuvalishe, nje, kwenye ua, Mzee Amolo akitazama.

Shemeji yako,
Nasipwondi